Misumari Katika Karakana ya Magita

Nyinyi vijana mnaonizunguka kila Idi na simu zenu, mkiniuliza kwa nini babu yenu aliacha kutengeneza magita, leo naandika, kwa hiyo someni na mnyamaze. Sikusoma sana. Madrasa nilimaliza, shule ya serikali niliipitia tu, nikaolewa. Msitafute humu maneno ya kupambwa. Na kama kuna anayetaka kusikia kwamba babu yake alikuwa shujaa aliyewakatalia askari, akatafute kitabu kingine. Babu yenu alichoka, basi. Taabu ni kwamba alichoka katika miaka ile ya serikali ya jeshi, na miaka ile mtu alikuwa hana ruhusa ya kuchoka.

Tulikaa Kamwokya, mtaa wa Kampala, nyumba ya vyumba viwili, na karakana kwa mbele ikitazama njia. Mama mkwe wangu alikaa nasi, na wazazi wenu walikuwa watoto wa shule. Baba mkwe, Mungu amrehemu, alikuwa seremala wa milango na vitanda, mtu wa asili ya pwani, wale waliofika huku na biashara za zamani wakabaki. Babu yenu alirithi vyombo vya baba yake, lakini akaacha milango akaingia kwenye magita, na mama yake hakumsamehe mpaka alipoona yanaleta nyama nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kimya. Mbao za ubavuni alizilowesha, kisha akazipinda juu ya bomba la chuma lililotiwa makaa, taratibu, mpaka zikakubali kuwa kiuno cha gita. Gundi aliipika mwenyewe kwa ngozi na kwato za machinjioni, na harufu yake majirani waliisema mpaka wakachoka. Vipande vikishapakwa gundi alivizungushia mipira ya ndani ya matairi ya baiskeli, akakaza kama mtu anavyofunga mguu uliovunjika, akaviacha vishikane. Msumari hakutumia hata mmoja. Alisema msumari unaua sauti. Wahindi walipofukuzwa na maduka yao yakapewa watu wasiojua hata kupima chumvi, nyuzi zilikosekana, naye akawa anafumua waya wa breki za baiskeli na kuunyoosha uzi mmoja mmoja. Mtu akipita njiani angesikia randa tu, na kidole cha babu yenu kikigonga uso wa gita. Aligonga, akainamisha kichwa, akasubiri mbao imjibu, akapunguza mahali, akagonga tena.

Na shingo ya gita aliichonga kwa kiganja cha mteja. Ilikuwa lazima mwenyewe aje, ashike kipande cha mvule, afunge na kufungua vidole, naye anatazama. Ndiyo maana watu walimpenda. Gita lake ukilishika lilikuwa kama lilikungoja wewe.

Msidhani miaka ile watu hawakucheza. Walicheza kuliko nyinyi. Askari walipenda bendi, kila kambi ilitaka yake, na kila baa ilitaka ionekane ina furaha. Magita ya kutoka nje hayakuja tena, kwa hiyo wote walikuja kwetu. Kumwambia askari kazi imenizidi, njoo mwezi ujao, huwezi. Babu yenu alifanya kazi tangu alfajiri mpaka mkono ukawa hauwezi kushika kijiko. Nilimlisha, sioni haya kusema.

Tena wateja wakaanza kutorudi. Mtu anakuja, anapimwa kiganja, anacheka na sisi, anakunywa chai, anasema Ijumaa nakuja kulichukua. Ijumaa haji, na Ijumaa nyingine haji. Hatukuuliza. Kumwulizia mtu asiyeonekana ilikuwa kujiingiza katika habari zake. Gita linatundikwa ukutani limngoje. Nilimwambia auze, akanijibu, "Yana wenyewe." Nikasema wenyewe hawaji. Akasema, "Hiyo shingo nimemchongea yeye. Mwingine atashika nini?" Yakazidi ukutani, na babu yenu akahamisha kiti chake ili ayape mgongo.

Baada ya hapo akaanza kugonga na kugonga kipande kilekile.

"Mbao hii imekufa," akaniambia siku moja.

"Mbao zote zimekufa," nikamjibu. "Ndiyo maana zinaitwa mbao."

Hakucheka. Mtu aliyekuwa anacheka hata akijikata.

Mimi ni mtu wa kushuku, mnanijua, na miaka ile ilininoa. Mtu akiniuliza saa nilijiuliza anataka kujua saa ya nini. Jirani akija kuomba chumvi nilimpa nikiwa nimesimama mlangoni, asione ndani. Kwa hiyo babu yenu alipoanza kutoka asubuhi na mfuko wa vyombo, akisema anakwenda kutafuta mbao soko la Owino, halafu anarudi jioni bila hata ubao wa kukunia nazi, nilijua. Mwanamke. Mama mkwe alisema uchawi, amerogwa na fundi mwenziwe. Tukabishana mimi na yeye mchana kutwa, yeye na uchawi wake, mimi na mwanamke wangu.

Nikaazima buibui la mama mkwe, kwa kuwa langu analijua, nikamfuata. Alitembea polepole kama mtu anayesindikiza jeneza. Sokoni akapita kwenye mbao bila kugeuza shingo. Akapita kwenye nguo. Nikasema hapa hapa, sasa atakutana naye. Akaingia kwa muuza maharage mmoja, mtu wa msikiti wetu, akakaa juu ya gunia, akaegemeza kichwa kwenye gunia jingine, akafumba macho. Nilisimama nyuma ya mwanamke wa mihogo nikingoja huyo mtu wake atokee. Hakutokea mtu. Babu yenu alikuwa anakoroma.

Muuza maharage aliponitambua alinivuta pembeni.

"Mama, afadhali umekuja. Mchukue mtu wako."

"Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, hiyo ndiyo taabu. Hanunui, hauzi, hasemi. Anakaa hapa kila siku na macho kafumba. Wateja wanasema ni mtu wa usalama, anajifanya kalala ili asikilize. Jana mama mmoja kaacha maharage yake kwenye mizani, kakimbia."

"Huyu? Mtu wa usalama?"

"Mimi namjua, mama. Wao hawamjui. Na wengine siku hizi wananitazama mimi."

Nikamwamsha. Alivyonitazama, sikuwa na haja ya kuuliza habari za mwanamke. Mtu mwenye mwanamke huwa hana macho ya namna ile.

"Nyumbani siwezi kulala," alisema njiani. "Nikiwa nyumbani nayasikia yale yananingoja."

"Yapi?"

"Yaliyokwisha na yasiyokwisha."

"Basi acha kazi."

"Niache, niwaambie nini?"

Alikuwa na haki. Karakana ikifungwa, kesho utasikia imepewa mtu mwingine, askari au shemeji wa askari. Na fundi mwenye kazi nyingi akiifunga, watu wanajiuliza, huyu anakula wapi? Nani anamlipa? Au anajiandaa kukimbilia Kenya? Wapo waliochukuliwa kwa maswali madogo kuliko hayo. Kama angeendelea angekwisha, nilikuwa namwona anavyokwisha. Na kama angeacha, wangemtafutia sababu.

Tukakaa watatu, mimi, yeye na mama yake. Mama mkwe ndiye aliyesema, "Alale humo humo karakanani, mlango ufungwe. Kitu watu wanachotaka ni kusikia kazi. Tuwape kelele."

Mimi nikapewa kelele. Randa ilinishinda, ilikuwa inaruka juu ya mbao kama mbuzi. Msumeno ulimwamsha. Nyundo, sijui kwa nini, haikumwamsha; pengine ilimzibia sauti za yale ya ukutani. Basi tukamtandikia juu ya maranda ya mbao nyuma ya meza, tukamfunika shuka nyeupe kwa sababu ya nzi, nami nikachukua ubao wa kitanda kibovu na misumari minene, nikawa nagongelea msumari, naung'oa, nagongelea mahali pengine. Watoto wakiwa shule, mimi ni fundi. Ubao ule ulitoboka kama chujio. Babu yenu alilala kama mtoto mchanga, na rangi ikaanza kumrudia usoni. Nikajiona nina akili.

Mbele yetu alikaa mama mmoja wa Kiganda, muuza mkaa. Kiswahili chake cha Kampala, mnakijua. Akanikuta bombani, akaniita mama kwa lugha yao.

"Nnyabo, nyinyi nasafili lini?"

"Nani kakwambia tunasafiri?"

"Mimi nasikia nyundo. Ko, ko, ko, siku mzima. Fundi yako miaka yote hapana piga nyundo. Mimi nakaa hapa, nasikia landa tu, sasa nyundo. Watu nasema nyinyi natengeneza masanduku, nafunga vitu."

"Watu gani?"

"Watu, nnyabo."

Maji yalijaa debe yakamwagika nikiwa nimesimama. Tangu nilipoolewa nimeishi na gita lisilo na msumari, na katika kelele zote za dunia nikachagua nyundo. Mtaa mzima uliijua karakana yetu kwa masikio. Walikuwa wanasikia mtu anapakia nyumba yake.

"Ni banda la kuku," nikamwambia.

"Banange! Kuku iko wapi?"

"Watakuja."

Akajitwika debe lake akaniambia, "Kale," yaani haya basi, kwa sauti ambayo sikuipenda. Mpaka leo sijui kama yeye ndiye aliyesema mbele zaidi, au alinionya kwa wema. Nilimshuku miaka mingi, na mkaa nikaendelea kununua kwake, maana ungeonekana vipi kuacha?

Kesho yake nilikuwa nimeshaacha nyundo. Nilikwenda karakanani kuuondoa ubao ule wa matundu na nyundo yake, mama mkwe akiwa nami, babu yenu kalala nyuma ya meza. Mlango ukasukumwa bila hodi.

Alikuwa sajini mmoja wa kambi ya Mbuya, mtu wa kaskazini, mrefu, aliyekuwa anapigia bendi ya kambi. Tulimjua, kiganja chake kilikuwa kimeshapimwa. Siku hiyo alivaa kofia, shati la maua na chini buti za jeshi. Nyundo ilikuwa mkononi mwangu.

"Nani hapa napiga misumari?"

"Mimi, afande."

"Wewe ni fundi sasa?"

Akauona ubao. Akauinua, akautazama juani, mwanga ukapita katika matundu yote.

"Hii ni nini?"

Hapo mama mkwe wangu, mtu wa sala tano asiyekosa, akasema bila kupepesa, "Ni ubao wa kuoshea maiti, mwanangu. Matundu ni ya kupitisha maji."

Sajini akauweka chini upesi, akajipangusa mikono kwenye shati. Halafu akatazama nyuma ya meza. Akaona shuka nyeupe na miguu ya babu yenu imejitokeza. Akavua kofia.

"Wanawake," akasema polepole, "fundi amekufa?"

Wajukuu zangu, nilikaribia kusema ndiyo. Mtu aliyekufa haulizwi kazi wala haulizwi anakula wapi. Lakini aliyekufa anazikwa, na kaburi lile ningelitoa wapi? Nikamtazama mama mkwe, naye akanitazama. Uongo wake ulikuwa umetufikisha mahali ambapo hata yeye hakuujua mlango wa kutokea.

Sauti ikatoka chini ya shuka.

"Bado."

Sajini aliruka nyuma akagonga magita ya ukutani, yakalia yote kwa pamoja, kila moja kwa sauti yake. Babu yenu akaketi, maranda kichwani kama mvi.

"Wewe! Wewe nacheza na mimi?"

"Sichezi, afande. Nilikuwa nimelala."

"Saa hii? Gita yangu iko wapi?"

"Haijaisha. Nimechoka."

Lile neno. Nilitaka kumziba mdomo. Sajini akasogea karibu, akainama, akamwuliza taratibu kabisa, "Umechoka na nani?"

"Na magita."

"Gita imekufanya nini?"

Babu yenu aliinua mkono akaonyesha ukutani. Sajini akageuka. Akayatazama moja moja, akafika kwenye gita moja lenye shingo nyembamba, akalishika. Vidole vyake havikuenea. Akalirudisha kwenye ndoano yake kwa mikono miwili.

"Hii, mwenyewe mimi najua," akasema.

Hatukumwuliza huyo mwenyewe yuko wapi. Hakutuambia. Alikaa juu ya kiti cha babu yenu, kofia magotini. Nilimtazama mkono, maana nilidhani sasa ndipo atakapobadilika.

"Mimi narudi kambini bila gita," akasema mwisho, "mkubwa atasema fundi amegoma. Akisema amegoma, mimi hapana kuja tena. Watakuja wengine."

Babu yenu akasimama, akashika ukuta, akaingia chumbani kwetu. Akatoka na gita lake mwenyewe, la kwanza alilolitengeneza, lile alilokuwa analipiga harusi za ndugu, lenye alama ya mkono wake pale vanishi ilipokwisha. Akampa.

"Hii ni yako," sajini akasema.

"Chukua. Mikono yetu inakaribiana."

Akalipiga kidogo, akakaza uzi mmoja, akapiga tena. Lilikuwa zuri. Hata mimi niliyeapa kuyachukia magita nilisikia lilivyokuwa zuri.

"Na wewe utapiga nini?"

"Sipigi."

Sajini akasimama. Mlangoni akanigeukia mimi, siyo babu yenu. "Mama, hii mlango usifunge. Mlango ikifungwa watu nasikiliza. Ikiwa wazi, hapana mtu nataka kuona mzee nalala." Akaenda na gita begani.

Mpaka leo sijui kama alitupa shauri au alitupa amri, na kama aliyasema hayo kwa sababu ya huruma au kwa sababu alitaka siku nyingine apite aone ndani vizuri. Hakurudi. Hilo nalo nililishuku: ama aliridhika, ama pengine naye alipotea kama wale wengine, gita lake lisilokwisha likimngoja asije. Babu yenu hakushika randa tena. Mnamkumbuka kwa maharage, wengi wenu hamkujua kama aliwahi kushika kitu kingine, na yule muuza maharage ndiye aliyemkaribisha kwenye biashara baadaye, alipoweza kukaa juu ya gunia na macho wazi.

Lakini siku ile hatukuyajua hayo. Siku ile tulijua tu kwamba mtaa unasikiliza. Mama mkwe alitaka tufunge kila kitu twende kwa ndugu zake Jinja. Babu yenu alikuwa amerudi kulala, mlango wazi, jua limemfika magotini, na muuza mkaa alikuwa amesimama ng'ambo akitazama waziwazi, mikono kiunoni. Alitazama, akaona mzee amelala juu ya maranda, hakuna sanduku, hakuna kuku. Akarudi kwenye mkaa wake.

Niliona hivyo kwa macho yangu, nikajua la kufanya. Watoto waliporudi kutoka shule, kabla hawajavua sare, niliwakusanya wote uani, mama mkwe akiwa juu ya mkeka wake, nikasema:

"Kuanzia leo mlango wa karakana unafunguliwa asubuhi na unafungwa jioni, baba yenu alale au asilale. Nyundo hakuna kuigusa. Mtu akiwauliza, awe jirani, awe mwalimu, awe shehe mwenyewe, semeni baba anaumwa kifua, msiongeze neno. Na humu ndani hakuna wa kumwuliza ataanza kazi lini. Mama, nisamehe, hata wewe. Akiamka, mpeni chai. Akilala, piteni upande wa jiko. Sasa mkavue sare."